Maabara ya nini? Pete ya mama na jiwe linalobadilika rangi

Mama alikuwa na pete moja tu ya kutokea, na jiwe lake alikuwa akiliita kinyonga. Mchana lilikuwa buluu iliyofifia, rangi ya chuma kilicholowa. Usiku taa ikiwashwa, linakuwa zambarau. Tulipokuwa wadogo, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunamvuta mkono kutoka dirishani hadi chini ya taa, tukitaka kuikamata ile dakika ya kugeuka. Hatukuwahi kuikamata. Unatazama, unapepesa jicho, jiwe limeshakuwa jingine. Ndani ya kiboksi chake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye neno moja lililoandikwa kwa kalamu ya wino, jina la kito adimu: aleksandraiti. Hapakuwa na uzito, wala saini.

Pete ikaja kwangu. Mwaka jana kikucha kimoja kati ya vinne vinavyolishika jiwe kililegea, nikaipeleka kwa sonara, mzee mmoja afanyaye kazi kimya kimya, redio ikinong'ona pembeni. Nikamwamkia, nikamkabidhi, nikasema kwa maringo kidogo, "Mzee, nakuomba uwe mwangalifu, hiyo ni aleksandraiti."

Hakujibu. Alibana kioo cha kukuzia jichoni, akaigeuza pete mara mbili tatu, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichukua bilauri, akatia maji, akaitumbukiza pete humo. Nyuma ya bilauri akasimamisha karatasi nyeupe, na nyuma ya karatasi akawasha tochi.

"Njoo uone, mwanangu."

Ilinichukua muda kujua nitazame wapi. Halafu nikaiona: mistari myembamba mno ndani ya jiwe, iliyopinda, imefuatana sambamba kama mifereji ya santuri. Na pembeni, kitone kimoja cha mviringo kamili, kidogo kuliko ncha ya sindano.

"Hicho ni kiputo cha hewa," alisema. "Na mistari hiyo, ardhi haichori hivyo. Ardhi huchora kwa rula. Mistari yake hunyooka na kukutana kwa pembe. Hili limezaliwa kwenye moto wa mtu."

Nilihisi kama nimetukaniwa marehemu. Nikamuuliza, kwa hiyo ni aleksandraiti ya maabara? Akatikisa kichwa. Hapo ndipo aliponiuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. "Maabara ya nini?"

Nieleze alichonieleza, maana sijaona mahali pengi panapolisema jambo hili waziwazi. Jiwe la mama ni korandamu, madini yaleyale yanayotupa rubi na yakuti samawi. Ni korandamu iliyotengenezwa na binadamu, ikatiwa chembe za metali iitwayo vanadiamu ili ibadilike rangi. Njia yake ni ya zamani. Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902: unga wa oksidi ya alumini unadondoshwa ndani ya ndimi za moto wa hidrojeni na oksijeni, unayeyuka ukiwa hewani, matone yanatua juu ya kigingi kinachozunguka, na jiwe linaota kuelekea juu kama nta ya mshumaa iliyogeuzwa. Saa chache zinatosha. Kwa sababu kila tabaka linatua juu ya tabaka lililovimba, alama za ukuaji wake hupinda. Ndizo zile nilizoziona kwenye bilauri.

Korandamu hii imeuzwa kwa jina la aleksandraiti tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Imejaa kwenye masanduku ya akina bibi na akina mama, na wengi wao waliipokea kwa nia njema kutoka kwa watu waliokuwa na nia njema vilevile. Sitaki kumlaumu aliyemuuzia mama. Yaelekea naye aliambiwa neno hilohilo moja.

Sasa, aleksandraiti yenyewe ni nini? Ni aina ya krisoberili, muungano wa beriliamu, alumini na oksijeni, ambamo kiasi kidogo cha metali ya kromiamu kimekaa mahali pa alumini. Kromiamu ndiyo mchawi hapa. Ikiingia ndani ya rubi inalifanya jiwe kuwa jekundu. Ikiingia ndani ya zumaridi inalifanya kuwa la kijani. Ni kemikali ileile, lakini nyumba inayokaa inabadilisha sehemu ya mwanga inayoimeza. Ndani ya krisoberili inameza sana eneo la njano, karibu na nanomita 580 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na kuacha madirisha mawili wazi, moja la kijani na moja la nyekundu, karibu sawa kwa ukubwa. Jiwe limesimama katikati ya rubi na zumaridi na halijaamua. Mwanga wa mchana una kijani na buluu kwa wingi, basi jicho linaona kijani. Mshumaa na balbu ya zamani ya waya zina nyekundu kwa wingi, basi jicho linaona nyekundu. Jiwe halifanyi lolote. Mwanga ndio unaohamisha mizani.

Napenda kulifikiria jambo hilo zaidi ya ninavyopenda kulivaa jiwe lenyewe, nakiri.

Na hapo ndipo penye siri ya uhaba wake. Beriliamu hupenda miamba ya jamii ya matale, ile yenye silika tele, kemikali inayounda mchanga. Kromiamu hukaa kwenye miamba ya aina nyingine kabisa, mizito, myeusi, iliyopanda kutoka chini sana. Ni majirani wasiotembeleana. Ili wakutane inabidi majimaji ya moto kutoka upande mmoja yapenye hadi upande wa pili, na hata wakikutana, silika ikiwa nyingi wanazaa zumaridi badala ya krisoberili. Ndiyo maana aleksandraiti ilijulikana kwa mara ya kwanza kwenye machimbo ya zumaridi, katika milima ya Ural nchini Urusi, miaka ya 1830. Ikapewa jina la mrithi wa kiti cha enzi, aliyekuja kuwa mfalme Aleksanda wa Pili. Hadithi inayosema iligunduliwa siku yake ya kuzaliwa ni tamu mno, na mimi hadithi tamu kiasi hicho huziweka kando ya sahani. Machimbo ya Ural yalipodhoofika watu walidhani biashara imekwisha, hadi mwaka 1987 ilipopatikana kwa wingi Hematita, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazili. Leo zinatoka pia Sri Lanka, India, Madagaska, na Tanzania, Tunduru na karibu na Ziwa Manyara.

Turudi kwenye swali la mzee. Neno maabara linafunika vitu viwili visivyo na undugu. Kuna krisoberili halisi iliyooteshwa na watu: muundo uleule, kromiamu ileile, ugumu uleule, kugeuka kulekule. Hiyo ni aleksandraiti, imekosa ardhi tu. Halafu kuna korandamu yenye vanadiamu kama ya mama, au spineli ya kutengenezwa, au hata kioo, vyote vikiigiza. Hivyo navyo vimetoka maabara, na muuzaji anayesema "aleksandraiti ya maabara" huku akikupa korandamu ametumia nusu ya ukweli kuficha nusu nyingine. Bei zao hazikaribiani. Korandamu ya Verneuil ni miongoni mwa mawe rahisi kuliko yote kutengeneza. Krisoberili ni kazi ngumu.

Ugumu wake niliuelewa niliposoma jinsi inavyooteshwa. Njia moja ni ya kiyeyushi: malighafi zinayeyushwa ndani ya kemikali ya moto kwenye chungu cha platinamu, kisha chungu kinapoozwa taratibu sana, na fuwele zinajitokeza zenyewe kwa muda wa wiki nyingi, hata miezi. Kampuni ya Creative Crystals ya Kalifonia ilianza kuuza za namna hii miaka ya 1970. Njia nyingine ni ya kuvuta: krisoberili inayeyushwa yenyewe, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,800 za Selsiasi, ndani ya chungu cha iridiamu, halafu kipande kidogo cha mbegu kinagusishwa juu ya uji huo na kuinuliwa polepole huku kikizunguka, kikiburuta fuwele nyuma yake. Njia hii haikusukumwa na masonara. Ilisukumwa na watu wa leza. Fimbo za aleksandraiti hutoa mwanga wa nanomita 755, na mashine zake hutumika kwenye kliniki za ngozi kuondoa nywele. Ikiwa umewahi kuondolewa ndevu au nywele za miguu kwa leza, huenda umeshakutana na jiwe la kifalme bila kuvaa chochote cha dhahabu.

Baada ya siku ile kwa sonara, mdogo wangu aliamua anataka pete yake. Ni mzaliwa wa Juni, na alikuwa amesoma kwamba aleksandraiti ni jiwe la mwezi huo. Ni kweli, ingawa orodha hizo ni mambo ya wafanyabiashara wa Marekani, walioipanga mwaka 1912 na kuiongeza aleksandraiti mwaka 1952. Haidhuru. Alinipigia simu: "Dada, wewe ndiye umeshaingia chuoni, twende wote."

Muuzaji wa vito alitutandikia kitambaa cheupe na kutuwekea mawe matatu ya asili. Nitayaeleza kama nilivyoyaona, kwa sababu maneno ya jumla kuhusu vito vya asili hayamsaidii mtu.

La kwanza lilikuwa la karati 0.30, yaani gramu 0.06, mapana yake yakizidi kidogo kichwa cha njiti ya kiberiti. Dirishani lilikuwa kijani yenye buluu ndani yake. Muuzaji akalihamishia chini ya taa ya balbu ya waya aliyokuwa nayo mezani, na likawa jekundu la divai, lote, bila kuacha kona. La pili lilizidi karati moja. Dirishani lilikuwa na kijani ya jani lililoanza kukauka, na chini ya taa likawa hudhurungi yenye fununu ya zambarau. Tulilihamisha mara tano kabla mdogo wangu hajasema kwa upole, "Naona kama linajitahidi." La tatu lilikuwa na rangi nzuri ila lilikuwa na ukungu ndani, mfano wa kioo kilichopuliziwa pumzi, na nyuzi fupi fupi zilizolala upande mmoja.

Bei ya la kwanza na la pili zilikuwa karibu sawa. Hapo ndipo mtu anapoponzwa na ukubwa. Katika vito vya kawaida ukubwa ndio unaozungumza kwanza. Katika kito cha kubadilika rangi, unalipia mageuzi. Jiwe kubwa lisilogeuka ni krisoberili ya kijani yenye jina la kujikweza, na aleksandraiti nyingi za asili ziko huko: zinageuka nusu, au robo, na zina hudhurungi inayochafua pande zote mbili. Ningekuwa nanunua la asili, ningechukua lile la 0.30 bila kusita, na ningelipachika kwenye pete nyembamba isiyolimeza.

Kisha akatuletea la maabara, lililooteshwa kwa kuvutwa. Karati moja na kitu. Lilikuwa safi kabisa. Dirishani kijani yenye buluu, chini ya taa zambarau nyekundu. Mageuzi yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba mdogo wangu alicheka kwa sauti. Nikalitazama kwa kioo cha kukuzia nikitafuta ukungu, nyuzi, chochote. Hakuna. Usafi ule ulinitia mashaka kabla hata sijaambiwa ni la nini, na nadhani hiyo ni hisia nzuri kwa mnunuzi: aleksandraiti kubwa, safi, yenye mageuzi kamili, ikiuzwa kwa bei ya kawaida, imeshajieleza asili yake. La kiyeyushi huwa si safi hivyo. Linaweza kuwa na mabaki ya kiyeyushi yaliyotanda kama shela, na wakati mwingine vijibamba vya platinamu vinavyomemeta, vilivyobanduka kwenye chungu. Mabaki hayo yanafanana sana na alama za ardhini, na hapo hata sonara mzoefu hupaswa kunyoosha mikono juu. Maabara za uchunguzi wa vito hulitatua kwa kupima mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwa sababu krisoberili ya asili hubeba dalili za maji yaliyonaswa ndani yake wakati wa kuzaliwa, na ya kiyeyushi haina.

Kwa sababu hiyo, sina mjadala juu ya cheti. Mtu akikuuzia aleksandraiti kwa bei ya asili, jiwe liwe na ripoti ya maabara ya uchunguzi inayojitegemea: GIA, SSEF, Gübelin, au nyingine inayoheshimika vivyo hivyo. Cheti kilichoandikwa na duka lenyewe ni barua ya mapenzi. Kwa jiwe la maabara la bei ya kawaida sidai ripoti, lakini nadai jina la madini kwenye risiti. Krisoberili. Neno hilo moja. Muuzaji wa korandamu atababaika hapo, na kubabaika kwake ni jibu.

Kama una sonara wa karibu, mwombe apime uzani wa jiwe hewani na ndani ya maji kabla halijapachikwa. Uzito mahususi, yaani uzito wa jiwe ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule, kwa krisoberili ni takriban 3.73, kwa korandamu ni 4.00. Ni hesabu ya dakika tano na haihitaji mashine ya ajabu. Kioo chenye neodimiamu, ambacho nacho huuzwa kwa majina makubwa, kina tabia yake ya kujisaliti: chini ya jua na chini ya balbu ya waya hubaki na rangi ileile ya zambarau iliyopauka, halafu kinageuka buluu chini ya taa nyeupe ya mrija. Aleksandraiti hubadilika kati ya jua na balbu. Ukiona jiwe linabadilika mahali pasipo pake, liulize vizuri.

Nimetaja balbu ya waya mara nyingi na najua unachokifikiria. Nani bado anayo?

Hili ndilo jambo ambalo sikuliona likitajwa popote tulipokuwa tukizunguka, na kwangu lina uzito kuliko hoja ya asili au maabara. Balbu za zamani zinaondoka. Nyumba na ofisi nyingi sasa zina taa za LED, na zile nyeupe kali zina buluu nyingi na nyekundu haba. Chini yake aleksandraiti bora kuliko zote duniani itabaki kijani, au itakuwa kijivu iliyokosa uamuzi. Tochi ya simu ni hivyohivyo. Nimeona watu wakiijaribu pete kwa tochi ya simu, wakiona haigeuki, wakasema wametapeliwa. LED za rangi ya joto, zile zinazoandikwa 2700K, hulisogeza jiwe kuelekea nyekundu, na zilizotengenezwa vizuri hulisogeza zaidi, lakini mara nyingi hazilifikishi pale mshumaa unapolifikisha.

Mdogo wangu anafanya kazi chumba chenye taa nyeupe tangu asubuhi hadi jioni, na nyumbani kwake taa zote ni nyeupe vilevile. Nikamwambia, mpendwa, utavaa jiwe la kijani mwaka mzima. Akanyamaza, akafikiri. "Basi nitabadilisha taa ya chumbani." Na alibadilisha. Sijawahi kusikia mtu akinunua balbu kwa ajili ya pete, lakini nadhani ndiye mnunuzi pekee niliyemwona akifanya hesabu sahihi.

Kwa upande wa uimara, asili na maabara hazina ugomvi. Zote mbili zina ugumu wa 8.5 kwenye kipimo cha Mohs, zinavumilia kuvaliwa kila siku, zinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. La asili lenye nyufa lihurumiwe zaidi, na lisitiwe kwenye mashine ya kusafisha kwa mtetemo.

Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji husahau kuitaja, au hawasahau. Aleksandraiti si jiwe pekee linalobadilika. Kuna yakuti za asili zinazotoka buluu kwenda zambarau, ugumu wake 9, baadhi zikitoka Sri Lanka na bonde la Umba nchini Tanzania. Kuna ganeti za Umba, na za Bekily huko Madagaska, nyingine zikitoka kijani ya buluu hadi nyekundu ya waridi kwa mageuzi yanayoweza kuiaibisha aleksandraiti ya wastani. Ganeti ni laini kidogo, 7 hadi 7.5, kwa hiyo mimi ningeivaa masikioni au shingoni kuliko kidoleni, lakini ina sifa moja ninayoithamini: kwa kawaida haichomwi wala haitiwi dawa ili ipendeze. Kuna pia diaspori ya Uturuki, inayouzwa kwa majina ya kibiashara. Ni nzuri kutazama ila hupasuka kwa urahisi ikigongwa, sitaiweka kwenye pete. Mtu anayetaka jiwe la ardhini na hana uwezo wa aleksandraiti asirukie la maabara kabla hajaziona ganeti.

Watu hunihoji kuhusu thamani ya baadaye. La maabara, ukilinunua, hesabu kwamba umelinunua kulivaa. Ukitaka kuliuza huenda usipate mtu wa kulitaka, kwa sababu kiwanda kinaweza kutengeneza jingine kesho. La asili lenye ripoti lina soko, lakini wewe umenunua kwa bei ya dukani na utauza kwa bei ya anayejua huna haraka au una haraka. Mara nyingi utakuwa na haraka. Wanaoliita kito uwekezaji kwa kawaida ndio wanaokiuza.

Na uadilifu? Sipendi jinsi la maabara linavyotangazwa kana kwamba limedondoka kutoka mawinguni bila kumgusa mtu. Chungu cha iridiamu kwenye nyuzi 1,800 kinakula umeme usiku na mchana, na iridiamu yenyewe ilichimbwa mahali fulani. Kwa upande mwingine, kuna wachimbaji wadogo ambao jiwe moja zuri linawaondoa kwenye madeni, na kuna mashimo ambayo hupaswi kuyafikiria ukiwa umevaa kitu kilichotoka humo. Ukitaka kuchagua kwa dhamiri, itabidi umuulize muuzaji jiwe hili limetoka wapi, na usikilize kama jibu lina jina la mahali au lina kivumishi tu.

Mdogo wangu alichukua la maabara. Nilijaribu kulitetea lile dogo la 0.30, nikaeleza habari za beriliamu na kromiamu, majirani wasiotembeleana, maji yaliyonaswa ndani ya jiwe kabla ya kuwepo mtu wa kulitazama. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, hayo yote ni mazuri. Lakini mimi nataka kuliona, sitaki kulieleza."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Mimi ni mtu wa kulieleza. Lile dogo nililirudia peke yangu wiki mbili baadaye, likawa limeshauzwa.

Risiti ya mdogo wangu inasomeka hivi: aleksandraiti ya maabara, krisoberili, imeoteshwa kwa kuvutwa, uzito, tarehe, sahihi. Muuzaji aliandika bila kubabaika, nikamheshimu kwa hilo. Nchini Marekani sheria za biashara humlazimisha muuzaji kutamka kwamba jiwe ni la maabara, na hawezi kuliita kwa jina tupu kana kwamba ni la ardhini. Hata pasipo sheria ya namna hiyo, mkono wa mtu unaoandika taratibu ukijua unachoandika ni kitu cha kutafuta.

Mzee sonara alikibana kile kikucha na kuniuliza kama nataka alibadilishe jiwe, maana alikuwa na la maabara, krisoberili kweli, lingekaa palepale. Nikamwambia hapana. Alitabasamu, akanirudishia.

Usiku ule tulizima taa zote nyumbani kwa mdogo wangu, tukawasha mshumaa mmoja. Yeye akanyoosha mkono wake, mimi nikanyoosha wangu. Lake likawa jekundu lenye giza. La mama likawa zambarau, ileile ya zamani, na kwa mara nyingine nilikosa kuikamata ile dakika. Kabla sijalala nikatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, na chini ya neno la wino uliofifia nikaandika kwa kalamu yangu: Korandamu ya maabara, yenye vanadiamu. Kinyonga wa mama.